Pumu na Mzio wa Mtoto Mdogo Katika Baridi ya Ufipa

Pumu ni ugonjwa wa kudumu wa njia za hewa. Kuta za njia hizo huwa zimevimba kidogo hata siku ambayo mtoto anacheza na kucheka kama wenzake, na uvimbe huo huzifanya zishtuke upesi. Kikija kichochezi, iwe mafua, moshi, vumbi au upepo wa baridi, misuli inayozizunguka hujikaza, kuta huvimba zaidi, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hewa huingia kwa taabu na kutoka kwa taabu zaidi; ndiyo maana kifua hulia mluzi mtoto anapotoa pumzi. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu njia zenyewe ni nyembamba mno, hivyo uvimbe ambao mtu mzima angeuona mafua tu humkesheza mtoto akihema usiku kucha.

Mzio ni jambo pana zaidi. Ni pale kinga ya mwili inapokipokea kitu kisicho na madhara, kama chavua ya nyasi, kinyesi cha mende, yai au karanga, kana kwamba ni adui, na kukishambulia. Shambulio likitokea kwenye ngozi huitwa ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengi wanavyosema. Likitokea puani ni mafua yasiyokwisha, chafya na kuwashwa. Likitokea machoni ni wekundu na mikono isiyoacha kufikicha. Likitokea kifuani mara nyingi ndiyo pumu. Si kila pumu inatokana na mzio, lakini kwa watoto viwili hivi hufuatana sana, na aghalabu ngozi ndiyo hutangulia. Mtoto aliyetokwa na ukurutu mashavuni akiwa na miezi michache, na ambaye mama au baba yake ana pumu, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuanza kubanwa kifua baadaye. Ugonjwa huu hauambukizi. Mwenye pumu anaweza kula, kucheza na kulala pamoja na ndugu zake bila kuwadhuru.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, ambako dawa sahihi haimfikii mgonjwa au humfikia akiwa amechelewa. Kwa muda mrefu pumu ilisemwa kuwa ugonjwa wa mjini, na usemi huo una ukweli wake. Watafiti nchini Kenya waliwakimbiza watoto wa shule na kuwapima pumzi, wakachapisha matokeo mwaka 1998: njia za hewa zilibana kwa asilimia 22.9 ya watoto wa Nairobi na asilimia 13.2 ya watoto wa vijijini Murang'a. Hata hivyo, watoto 13 katika kila 100 si wachache, na Murang'a ni nchi ya miinuko, baridi na moshi wa kuni, isiyo mbali sana kwa hali na nyanda za Ufipa za mkoa wa Rukwa, Tanzania.

Laela ni mji mdogo kwenye barabara kuu ya Tunduma hadi Sumbawanga, na ndiyo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga. Uko juu ya nyanda za Ufipa, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, katika nchi ya nyasi nyingi na miti haba. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Kisha hufuata kiangazi, na Juni na Julai baridi hushika kiasi cha watu kuonekana na makoti hadi jua limepanda. Ni nchi ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi hapo Laela.

Kwa mtoto mwenye pumu, kalenda hiyo ina kipindi chake kigumu. Kuanzia Mei hadi Agosti mavuno, baridi, upepo mkavu na mafua huja kwa pamoja. Mafua ndiyo kichochezi kikubwa kuliko vyote kwa watoto wa chini ya miaka 5, na huenea zaidi watu wanapojifungia ndani kwa ajili ya baridi. Wakati huohuo mahindi yanapukuchuliwa uani, kwa mashine au kwa kupigwa fimbo juu ya turubai, na vumbi jepesi la makapi hutanda hadi ndani ya nyumba. Mama hupepeta huku mtoto yuko mgongoni, uso wake ukichungulia juu ya bega, palepale makapi yanapopeperuka. Mtoto huyo akianza kukohoa jioni, lawama hupewa baridi peke yake.

Baada ya kupukuchua, magunia huingia ndani. Kwa familia yenye vyumba vichache, mahali salama pa kuyaweka mbali na wezi na panya ni chumba cha kulala, na mtoto hulala hatua mbili kutoka kwenye rundo. Humo mna vumbi la nafaka, wadudu wadogo wa ghalani wasioonekana kwa macho, ukungu kama mahindi hayakukauka vizuri, na unga wa dawa ya dumuzi uliochanganywa na nafaka. Kila gunia linapofunguliwa au kusogezwa, vyote hivyo huruka hewani. Dawa hiyo ya unga ni sumu kwa yeyote, na kwa mapafu ya mtoto mwenye pumu ni uchokozi mtupu. Jambo la kwanza la kufanya ni kumhamisha mtoto: alale chumba kingine hata kama ni sebuleni, na magunia yafunguliwe nje. Ikiwa hakuna chumba kingine, mahindi yakaushwe barabara na kuhifadhiwa katika mifuko ya PICS, yenye matabaka mawili ya plastiki ndani ya kiroba, ambayo huua dumuzi kwa kuwanyima hewa bila kuhitaji dawa. Mfuko mmoja ni ghali kuliko gunia la kawaida, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja usipotoboka.

Moshi ni mzigo wa mwaka mzima. Kuni ni adimu kwenye nyanda zisizo na misitu, kwa hiyo magunzi na mabua ya mahindi huingia jikoni. Hushika moto upesi, huisha upesi, na hutoa moshi mwingi kuliko kuni kavu. Kwa upande mwingine, kilimo cha asili cha Wafipa kina jambo jema ambalo halisifiwi vya kutosha: nyasi za shambani hazichomwi, hufukiwa ndani ya matuta ya duara yaitwayo ntumba zikaoze ziwe mbolea. Pale desturi hiyo inapoachwa na mashamba kutiwa moto kabla ya mvua, watoto wenye pumu hulipa gharama, na hali kadhalika wale wanaoishi jirani na tanuri za matofali ya kuchoma.

Je, jiko banifu linatosha? Watu wengi hudhani hivyo, na ushahidi wa karibu unasema sivyo. Katika wilaya za Karonga na Chikhwawa nchini Malawi, watafiti walizigawia familia majiko ya kuni yenye moshi mdogo na kuwafuatilia watoto 10,750 wa chini ya miaka 5. Matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa 2016 yalionyesha kuwa nimonia haikupungua. Mtoto bado alivuta moshi wa takataka zilizochomwa, wa jiko la jirani, wa taa na wa tumbaku. Somo lake kwa mzazi wa Laela ni kwamba kumwondoa mtoto penye moshi kuna thamani kuliko kubadili jiko huku yeye akibaki mgongoni mwa mpishi. Alelewe na bibi au dada mkubwa uani wakati ugali unasongwa. Kuni na magunzi vikaushwe. Jiko liwe nje ya nyumba ya kulala, na pawe na tundu la kutolea moshi juu. Sigara ya baba ivutiwe mbali na nyumba, kwa sababu moshi wake hukaa kwenye blanketi na koti hata baada ya kuzimwa. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa mtoto mwenye umri wa miaka mitatu leo, muongo mmoja ni utoto wake wote.

Baridi ya usiku huleta hatari nyingine. Jiko la mkaa huingizwa chumbani na dirisha hufungwa. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksidi, inayoua watu wakiwa usingizini, na kabla ya kufika huko mafukizo yake huwa yamekwisha kumbana mtoto kifua. Ni afadhali soksi, kofia, blanketi la pili na mtoto kulala pamoja na mtu mzima.

Vichochezi vingine vya ndani ya nyumba ni vumbi la godoro lenye wadudu wadogo wanaokula magamba ya ngozi, mende, manyoya ya paka na kuku wanaolala jikoni. Wadudu wa vumbi hupenda unyevu, hivyo hustawi zaidi masika kuliko Julai ya Ufipa iliyo kavu. Kuanika godoro na blanketi kwenye jua kali kila wiki, kufua mashuka kwa maji ya moto, na kunyunyiza maji kabla ya kufagia sakafu ya udongo ni kazi zisizohitaji fedha nyingi. Hata hivyo, nguvu za familia zina kikomo, na ikibidi kuchagua, zianzie kwenye moshi. Hakuna faida ya kuanika godoro kila Jumamosi ikiwa mtoto anashinda jikoni siku zote saba.

Lakini kinachowaumiza watoto wengi zaidi hakiko nyumbani. Kiko katika namna kifua chao kinavyohesabiwa. Mtoto hupelekwa zahanati Mei akihema, akaandikiwa amoksilini kwa nimonia. Juni anarudi, anachomwa sindano. Julai anapewa dawa ya maji ya kikohozi kutoka dukani. Agosti ni nimonia tena. Kila mara hupata nafuu baada ya siku chache, kwa sababu shambulio lililoletwa na mafua mara nyingi hupungua lenyewe, na sifa huenda kwa dawa ya bakteria. Hakuna aliyekaa akaziweka safari hizo nne pamoja na kuziona kuwa ugonjwa mmoja.

Mwongozo wa matibabu ya watoto ambao Tanzania imekuwa ikiutumia tangu miaka ya 1990 humtaka mhudumu ahesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi miaka 5, huhesabiwa kuwa za haraka. Tatizo ni kwamba nimonia na pumu zote mbili huharakisha pumzi. Kwa sababu hiyo mwongozo huohuo unaagiza kwamba mtoto mwenye mluzi kifuani apewe kwanza dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, hadi mara tatu kwa vipindi vya dakika 15 hadi 20, kisha pumzi zihesabiwe upya. Zikishuka na mbavu zikaacha kubonyea, jibu limepatikana bila mashine yoyote. Hatua hii hurukwa pale foleni inapokuwa ndefu au dawa ya kuvuta inapokosekana. Mzazi hakosei adabu akisema, “Dokta, hii ni mara ya nne tangu Mei, haiwezi kuwa pumu?”

Kinachomsaidia daktari kuliko kipimo chochote ni daftari. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 hakuna kipimo rahisi cha pumu, maana vipimo vya kupuliza humtaka mtoto afuate maelekezo. Utambuzi hutegemea historia, na historia iliyoandikwa haisahauliki. Daftari la shule linatosha, likifungwa pamoja na kadi ya kliniki: tarehe kifua kilipobana, kama kulikuwa na mafua, alikuwa wapi na nani alikuwa anafanya nini (kupukuchua, kupika, kuchoma takataka), alikohoa usiku au alipokimbia, dawa gani alipewa na ilichukua muda gani kumpa nafuu. Baada ya miezi mitatu kurasa hizo huanza kuonyesha mpangilio ambao hakuna mtu angeukumbuka kwa kichwa.

Si kila kifua kinacholia ni pumu. Huko Tucson, Arizona, Marekani, watoto waliofuatiliwa tangu kuzaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 walionyesha kuwa karibu nusu ya watoto hupata mluzi kifuani angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 6, na wengi wa walioanza kabla ya miaka 3 waliacha. Kinachoelekeza kwenye pumu ni kujirudia, kukohoa usiku na wakati wa kucheza, kubanwa hata pasipo mafua, ukurutu, na historia ya familia. Kuna mambo mengine ya kuyaangalia kwanza. Mtoto aliyekuwa mzima kabisa, akicheza karibu na maharage au mahindi yaliyoanikwa, akapaliwa ghafla na tangu hapo kifua kinalia upande mmoja, huenda amevuta punje ikakwama. Huyo anahitaji hospitali siku hiyohiyo. Viluwiluwi vya minyoo ya askaris hupita kwenye mapafu na vinaweza kuleta kikohozi na mluzi wa muda. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi chenye kupungua uzito na homa kichunguzwe kifua kikuu. Na kuna jambo moja la kukataa bila kuona haya: kukata kimeo. Kimeo hakisababishi kikohozi, na kukikata kwa wembe kumewaletea watoto kutokwa damu, maambukizi na hata kifo.

Matibabu ya pumu yana dawa za namna mbili, na kuzichanganya kichwani ndiko chanzo cha taabu nyingi. Ya kwanza ni ya kufungua, salbutamo, ambayo kwa kawaida huwa katika pampu ya bluu. Hulegeza misuli ndani ya dakika chache na nguvu yake huisha baada ya saa chache. Ya pili ni ya kuzuia, steroidi ya kuvuta kama beklometasoni au budesonidi, ambayo hupunguza uvimbe wenyewe. Hii haimpi mtoto nafuu ya papo kwa papo. Hutumiwa kila siku, awe anaumwa au haumwi, na matunda yake huonekana baada ya wiki kadhaa. Mtoto anayehitaji salbutamo zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anayeamka usiku kwa kukohoa, au aliyewahi kulazwa, anastahili kuzungumziwa habari ya dawa ya kuzuia.

Vijijini dawa inayopatikana upesi ni vidonge au maji ya salbutamo, na wazazi wengi huviamini kuliko pampu. Hesabu inasema vingine. Mbonyezo mmoja wa pampu hutoa maikrogramu 100. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa sawa na mibonyezo 40. Dawa yote hiyo hupita tumboni na kwenye damu kabla kidogo yake kufika kwenye mapafu, inachelewa kufanya kazi, na njiani huufanya moyo wa mtoto kwenda mbio na mikono kutetemeka. Pampu hupeleka dawa ndogo mahali inapotakiwa. Maneno kwamba mtoto akianza pampu hataiacha, au kwamba pampu ni ya wagonjwa waliofika mwisho, hayana msingi wowote, na yamewachelewesha watoto waliokuwa na dawa ndani ya nyumba.

Mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja, kwa hiyo pampu bila chombo cha katikati hupiga dawa kwenye ulimi. Chombo hicho, spesa, kinaweza kutengenezwa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kulinganisha spesa ya kiwandani na chupa ya plastiki ya mililita 500 kwa watoto waliokuwa na shambulio la pumu. Chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na ya kiwandani. Kikombe cha povu, kilichojaribiwa pia, kilikuwa dhaifu kuliko vyote. Kuitengeneza kunahitaji dakika chache. Chupa tupu ya maji ya kunywa huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa, kwa kuwa kufuta kwa kitambaa huifanya plastiki iivute dawa ishike ukutani. Waya uliotiwa moto hutumika kuchora kwenye kitako tundu lenye umbo la mdomo wa pampu. Pampu huchomekwa na kuzungushiwa plasta ya kidonda au gundi pasibaki mwanya. Mtoto huweka midomo kwenye kinywa cha chupa; wa chini ya miaka 4 huhitaji barakoa ya plastiki iliyobanwa hapo, ikifunika pua na mdomo. Pampu hutikiswa, hubonyezwa mara moja, na mtoto hupumua kawaida mara tano au sita. Ndipo hutikiswa tena na kubonyezwa mara ya pili. Kubonyeza mara mbili kwa mfululizo ni kupoteza dawa.

Hofu ya steroidi ni ya kweli na inastahili jibu la kweli. Kwa kipimo kidogo cha kuvuta, mtoto anaweza kupungukiwa takriban sentimita moja ya urefu, hasa katika mwaka wa kwanza. Pumu isiyodhibitiwa nayo hudumaza, humnyima usingizi na hamu ya kula, na humfanya anywe kozi za prednisoloni ambazo zina steroidi nyingi zaidi. Kusukutua mdomo au kumpa maji baada ya dawa huzuia utando mweupe mdomoni.

Shambulio likija usiku, mtoto huketishwa wima, hutulizwa, na kupewa mibonyezo miwili ya salbutamo kwa chupa, mmoja baada ya mwingine. Ikihitajika, hurudiwa baada ya dakika 20, na tena baada ya dakika 20 nyingine. Mtoto wa chini ya miaka 5 aliyehitaji zaidi ya mibonyezo sita ndani ya saa mbili anatakiwa kuwa kituo cha afya, wala si kusubiri kupambazuke. Wengine hawasubiri hata dakika 20: anayeshindwa kunyonya au kusema, ambaye ngozi inabonyea katikati ya mbavu na juu ya kifua, aliyelegea au kusinzia ovyo, au ambaye ulimi na ufizi vimeingia rangi ya bluu. Kwa ngozi nyeusi ni ndani ya mdomo panapoonyesha ukweli. Na kifua kilichokuwa kinalia kikinyamaza ghafla huku mtoto amechoka, hiyo si nafuu. Hewa haipiti tena. Dawa iendelee kutolewa njiani. Kituo cha Afya Laela ndicho cha kukimbilia kwa aliye karibu nacho. Inapohitajika oksijeni ya muda mrefu au mtaalamu, rufaa huenda hospitali ya mkoa mjini Sumbawanga, na kutoka hapo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Familia inayoishi mbali na lami inapaswa kujua mapema, mchana, ni bodaboda au gari la nani litakaloitwa saa nane usiku.

Kisera, mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya serikali. Dawa ikikosekana, mzazi huelekezwa dukani, na maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini, hayana pampu ya kuzuia kila mahali. Pampu moja ina vipimo 200; mtoto anayetumia viwili kwa siku hukaa nayo zaidi ya miezi mitatu. Tarehe ya kuianza iandikwe ubavuni, kwa kuwa pampu huendelea kupuliza hewa hata dawa ikiwa imekwisha. Familia inayouza mahindi Julai hufanya busara kununua ya msimu mzima wakati huo, kabla ya fedha kwenda kwenye mbolea.

Upande wa chakula, tahadhari imezidi kipimo. Mtoto akisemwa ana mzio, mayai, maziwa, samaki na karanga huondolewa mezani kwa pamoja. Rukwa haiwezi kumudu hilo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 49.8 ya watoto wa mkoa huu wa chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ni 30. Mkoa unaolisha wengine una watoto wanaokosa vyakula vya kujenga mwili, na kuwanyima yai kwa kukisia ni kuwaongezea dhara. Mzio halisi wa chakula hujitokeza ndani ya dakika hadi saa mbili baada ya kula, na hujirudia kila chakula hicho kinapoliwa: vipele vilivyovimba, midomo kufura, kutapika, kifua kubana. Chakula kilichothibitishwa ndicho pekee kiachwe. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha hata kwamba watoto wachanga walio katika hatari ya mzio wa karanga walipozianza mapema walipata mzio huo kwa uchache zaidi kuliko walionyimwa. Kwa mtoto ni karanga za kusaga katika uji, kamwe si punje. Mtoto anayevimba uso, kubanwa na kulegea kwa wakati mmoja baada ya kula au kuumwa na nyuki anahitaji sindano ya adrenalini pajani bila kuchelewa. Chanjo nazo zisiachwe: mzio wa yai hauzuii chanjo ya surua, na ile ya nimokoko, inayotolewa nchini tangu 2013, humkinga na nimonia ya kweli.

Ukurutu hutulizwa kwa mafuta mazito yasiyo na harufu, yakipakwa mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, mara mbili kwa siku na zaidi katika upepo wa Julai. Macho yanayowasha huoshwa kwa maji safi ya baridi. Matone ya steroidi yanayouzwa bila cheti huondoa wekundu haraka, lakini yakitumika kiholela huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho, na uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi.

Anapoingia darasa la awali, mtoto hukutana na vumbi la kufagia, chaki na mchakamchaka wa asubuhi katika hewa ya baridi. Asizuiwe kukimbia; mapafu yake yanahitaji mazoezi. Mibonyezo miwili ya salbutamo dakika 15 kabla, skafu mdomoni, na kuanza polepole kwa kawaida hutosha. Mwalimu apewe chupa, pampu na barua fupi yenye dalili za hatari, na wanaofagia wanyunyize maji kwanza.

Mtoto akikaa miezi mitatu bila kukohoa usiku wala kuhitaji salbutamo, daktari huweza kuanza kupunguza dawa ya kuzuia hatua kwa hatua, hadi kufikia kipimo kidogo zaidi kinachomtosha. Wakati nao huchaguliwa. Kwa mtoto wa Laela, Mei na Juni hazifai, mahindi yakiwa yanapukuchuliwa na baridi ndiyo inaingia. Ni heri kungoja magunia yatoke chumbani na usiku kuanza kupata joto, mnamo Septemba, ilimradi mashamba ya jirani hayachomwi. Daftari huendelea kuandikwa miezi yote hiyo, na pampu ya bluu hubaki mahali pake palepale.